Pampu ya Mafuta kwa Injini Kali ya Kabureta: Nini Hasa cha Kupima

Mwenye gari la zamani anayetaka kulitia nguvu, liwe Escort, Datsun 240Z au Mustang ya V8, hukutana na ushauri unaopingana hata kabla hajalipia spea. Fundi mmoja humwambia aing'oe pampu iliyo kwenye injini kwa sababu imepitwa na wakati, aweke ya umeme. Mwingine humwonya kwamba pampu za umeme ndizo zinazochoma magari. Wa tatu humwuzia ile yenye namba kubwa kuliko zote kwenye boksi, akiamini kwamba mafuta mengi ndiyo nguvu nyingi. Wawili wa kwanza wana ukweli nusu nusu. Wa tatu hana hata nusu.

Mabishano haya yangekuwa ya kupitisha muda gereji kama magari hayo yangekaa tu kwenye maonyesho. Lakini tangu 2003, East African Safari Classic Rally ilipoanza, injini za kabureta zimerudi kwenye vumbi na milima ileile iliyozipa sifa. Datsun 240Z ilishinda Safari mwaka 1971 na tena 1973, na katikati yake, 1972, Escort RS1600 ya Hannu Mikkola ikachukua ushindi. Kwenye mashindano ya sasa ya magari ya zamani, Mkenya Ian Duncan alishinda 2009 akiwa na Ford Mustang. Gari linalotoka joto la Mombasa, likavuka nyika ya Taru na kupanda hadi nyanda za juu humwonyesha mwenyewe, kwa siku chache, kama pampu yake ilichaguliwa kwa hesabu au kwa kusikia.

Kabureta hainyonyi kutoka kwenye pampu

Chanzo cha mkanganyiko ni kuifikiria kabureta kama EFI. Kwenye EFI presha ya mafuta ni sehemu ya kipimo chenyewe: presha ikipanda, nozeli hutoa mafuta zaidi. Kabureta haiko hivyo. Pampu hufikisha petroli kwenye bakuli, floti hupanda, nayo husukuma sindano izibe mlango wa kuingilia. Ndani ya bakuli presha ni ya hewa ya kawaida, maana lina tundu la kupumulia. Kinachovuta petroli kutoka bakulini kupitia jeti ni upepo unaopita kooni mwa kabureta, basi.

Kwa hiyo pampu haiongezi hata farasi mmoja. Kazi yake ni kuhakikisha bakuli halikauki injini inapokanyagwa hadi mwisho, wala halifuriki inaposimama kwenye taa. Hapo pana mipaka miwili ambayo watu huichanganya: kiasi cha mafuta, ambacho hakitakiwi kushuka chini ya mahitaji, na presha, ambayo haitakiwi kupita uwezo wa sindano kuizuia. Pampu inaweza kuwa kubwa mno kwa presha na bado ikawa ndogo mno kwa kiasi.

Mpaka wa presha hutofautiana kwa aina ya kabureta. Weber DCOE, zile za kulala zinazofungwa mbili kwenye Escort au tatu kwenye Datsun, hutulia kati ya psi 2.5 na 3.5. Edelbrock ya makoo manne hutaka kama 5.5 na isivuke 6.5. Holley huvumilia hadi karibu 7. Mtu akichukua pampu iliyofanya kazi safi kwenye V8 ya rafiki yake akaifunga kwenye Datsun yenye Weber bila regulata, sindano zitazidiwa na petroli itamwagika kooni na nje. Kwenye injini za Datsun za aina ya L, kabureta na ekzosi ziko upande mmoja, kabureta juu na bomba la moto chini yake. Anayesema pampu za umeme zinachoma magari huenda aliona moja likiungua kweli, ila aliyelichoma ni presha iliyowekwa bila kupimwa.

Injini inahitaji kiasi gani

Injini ya petroli isiyo na tabo, ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho, hutumia takriban nusu paundi ya mafuta kwa kila farasi kwa saa, yaani gramu 227. Lita ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, kwa hiyo kila farasi anakunywa kama lita 0.31 kwa saa. Injini ya farasi 200 inahitaji lita 61, ya farasi 400 inahitaji lita 123.

Namba hizo ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani, na hapo ndipo swali linapogeuka. Pampu maarufu ya Holley, ile nyekundu, imeandikwa galoni 97 kwa saa. Ni lita 367. Kwa hesabu ya hapo juu ingelisha injini ya farasi zaidi ya 1,100, na hakuna fundi mwenye akili atakayeifunga huko. Kuna kitu kinapotea kati ya boksi na kabureta.

Kinachopotea kwanza ni ukweli wa kipimo chenyewe. Galoni 97 ni pampu ikimwaga mafuta hewani, bila kizuizi chochote mbele yake. Pampu hiyohiyo ikisukuma dhidi ya psi 4 hutoa galoni 71, na ikifika psi 7 haitoi tena. Ndugu yake ya bluu imeandikwa galoni 110, lakini bado hutoa 88 kwenye psi 9, na presha yake hupanda hadi 14. Mnunuzi anayelinganisha 97 na 110 huona tofauti ndogo na kuamua kwa bei, ilhali kwenye mlima tofauti hiyo ni kubwa sana. Pampu isiyokuja na mchoro au jedwali la kiasi kwa kila presha ni bahati nasibu, hata ikiwa na jina gani.

Halafu hupotea presha njiani. Filta, kona za bomba, bomba jembamba na waya mwembamba vyote hula sehemu yao. Kwa injini hadi farasi 400 au zaidi kidogo, bomba la inchi 3/8 hutosha. Likiwa jembamba kuliko hapo, pampu kubwa itaishia kupiga kelele tu.

Mwendo wenyewe nao hula. Tangi likiwa nyuma na kabureta mbele umbali wa mita 3, gari linapofyatuka kwa nguvu sawa na mvuto wa dunia, safu ya petroli iliyomo bombani hurudi nyuma kwa nguvu ya kama psi 3.2. Wamarekani wa mbio za robo maili walilijua hili mapema, ndiyo sababu wanafunga pampu yenye presha ya ziada nyuma na regulata mbele karibu kabisa na kabureta: presha inayopotea njiani hupotea kabla ya regulata, na kabureta haijui lolote. Gari la rali kwenye vumbi haliruki hivyo. Likiongeza mwendo kwa theluthi moja ya nguvu hiyo hupoteza kama psi moja. Lakini kwa mwenye Weber anayetumia pampu ya psi 4 na anayehitaji 3, psi moja ndiyo akiba yake yote.

Kuna sababu moja inayofanya kasoro hizi zisionekane mapema. Injini ya farasi 400 hunywa mililita 34 kwa sekunde, na mabakuli ya kabureta yenyewe ni hifadhi. Yakishika mililita 250 kwa jumla, injini inaweza kwenda sekunde saba bila kuletewa tone. Jaribio la kukanyaga mafuta kidogo Mombasa Road haliwezi kugundua lolote. Mlima mrefu hugundua.

Hoja ya pampu ya injini

Pampu iliyofungwa kwenye injini inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Kapi lenye umbo la yai kwenye kamshafti husukuma wenzo, wenzo huvuta kiwambo cha mpira, petroli huingia. Lakini kinachosukuma petroli kwenda kabureta si wenzo bali springi iliyo chini ya kiwambo. Bakuli likijaa, springi haiwezi kuishinda sindano, kiwambo hubaki chini na wenzo huchezacheza bure. Presha imefungwa ndani ya springi kiwandani, kwa hiyo regulata mara nyingi haihitajiki. Haitaki waya wala rilei. Na gari likipinduka na injini kuzimika, pampu nayo imezimika. Hoja hiyo ya mwisho peke yake inatosha kumfanya mwenye gari la barabarani afikiri mara mbili kabla ya kuiondoa.

Udhaifu wake uko sehemu tatu. Kamshafti huzunguka nusu ya mwendo wa injini, kwa hiyo kwenye mizunguko 7,000 wenzo hupiga mara 3,500 kwa dakika, karibu mara 58 kwa sekunde. Springi ya kawaida huchoka kuufuata mwendo huo, wenzo huelea, na mafuta hupungua pale hasa injini inapoyahitaji zaidi. Pampu za mashindano zina springi ngumu na kiwambo kipana zaidi, lakini springi ngumu hulemea kapi na wenzo, na presha yake hupanda hadi pengine ikahitaji regulata baada ya yote.

Udhaifu wa pili hauonekani. Kiwambo kikipasuka, petroli inaweza kuingia kwenye oili badala ya kuvuja nje. Oili hulegea, na bearingi huanza kuumia kabla dereva hajasikia chochote. Kuinusa dipstiki kila asubuhi ya mashindano si ushamba.

Wa tatu ndio mzito kwa Afrika Mashariki: pampu hii iko mbele, imeshikana na chuma cha moto, nayo hunyonya petroli kutoka mbali.

Mvuke, joto na mwinuko

Petroli huchemka kulingana na joto na presha iliyo juu yake. Tuchukue petroli ambayo presha ya mvuke wake ni kPa 60 kwenye nyuzi 37.8. Mombasa presha ya hewa ni kPa 101, Nairobi iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari ni kama 83, na Timboroa, zaidi ya mita 2,700, iko chini zaidi. Pampu ya injini inaponyonya, hushusha presha ndani ya bomba. Filta iliyojaa vumbi na urefu wa bomba vikila kPa 15, Nairobi kwenye bomba hilo hubaki kPa 68, na petroli yetu itaanza kutoa mapovu karibu na nyuzi 42. Hiyo ni chini ya joto la bomba lolote linalopita karibu na ekzosi. Pampu iliyojaa mvuke huzunguka bila kusukuma.

Pampu ya umeme ikiwa nyuma, chini ya usawa wa tangi, hali hugeuka. Badala ya kunyonya bomba zima, hulisukuma. Psi 5 ni kPa 35 za ziada juu ya hewa ya Nairobi, na petroli ileile sasa inaweza kupita nyuzi 55 kabla ya kuchemka bombani. Hapa ndipo fundi wa kwanza anapata haki yake, ingawa sababu aliyoitoa haikuwa sahihi. Pampu ya umeme ina faida kwa sababu ya mahali inapokaa. Ukiifunga mbele karibu na betri, kwa kuwa waya ni mfupi huko, umenunua udhaifu wa pampu ya injini kwa bei ya pampu ya umeme.

Mwinuko una upande wa pili ambao husahaulika. Hewa ya Nairobi ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza huko zaidi ya asilimia 15 ya nguvu iliyopimwa usawa wa bahari. Mahitaji ya mafuta hushuka nayo, isipokuwa jeti hazijabadilishwa na injini inakwenda na mchanganyiko mzito. Kwa maneno mengine, kadiri gari linavyopanda, swali la kiasi hulegea na swali la mvuke hukaza. Anayechagua pampu kwa kiasi tu anajibu swali la pwani na kulipeleka milimani.

Hata watengenezaji hawakulipuuza tatizo la mvuke. Datsun 260Z zilizouzwa Marekani zilikuwa na pampu ya injini na ya umeme pamoja. Mpangilio huo bado una watetezi, na ni mzuri kwa kujaza mabakuli kabla ya kuwasha gari lililolala wiki nzima. Hasara yake ni kwamba petroli yote inapita bado ndani ya pampu ya mbele, yenye njia nyembamba na kiwambo kinachoweza kupasuka huku pampu ya nyuma ikiendelea kusukuma.

Hoja ya pampu ya umeme, na aina zake

Kusema "pampu ya umeme" ni kusema machache. Kuna zile za kugonga, kama Facet, zenye bastola ndogo inayochezeshwa na sumaku. Hutumia umeme kidogo, presha yake ni ndogo kwa asili, na kwa injini za silinda nne au sita zenye Weber ndizo zinazokaribiana zaidi na hitaji. Sokoni zimejaa nakala za bei ya chini zisizo na jina wala jedwali. Kuna zile za rota, kama Carter na hizo Holley mbili, zinazosukuma mafuta mengi, hupiga kelele, na haziusamehe uchafu. Filta ya matundu makubwa kabla ya pampu, na ya matundu madogo baada yake, si hiari.

Zote zina ugonjwa mmoja: zitaendelea kusukuma petroli hata bomba likikatika. Dawa ipo na ni rahisi. Swichi ya presha ya oili huzima pampu injini inaposimama, na swichi ya mshtuko, ya aina ambayo Ford ilifunga kwenye magari yake mengi, huikata gari linapogonga. Pampu ya umeme iliyofungwa moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo, bila hata kimoja cha vitu hivyo, haipaswi kutoka gereji. Waya wake uwe mnene, wenye fyuzi na rilei yake, kwani pampu iliyopimwa kwenye volti 13.5 na kupewa 11 haitatoa kilichoandikwa.

Msimamo wa tatu unapata wafuasi: kuchukua pampu ya EFI, ambayo hupatikana kila mji wenye Toyota, na kuishusha presha. Upatikanaji wa spea ni hoja nzito njiani, siidharau. Lakini pampu hiyo imeundwa kwa psi zaidi ya 40, na regulata ya kawaida ya kabureta, inayozuia tu, haiwezi kuishusha hadi 3 kwa uhakika. Lazima iwe regulata ya kurudisha, yenye bomba la kurudi tangini lisilo jembamba kuliko la kuletea, la sivyo presha itapanda bombani. Nayo huzungusha petroli nyingi kupita kiasi siku nzima, ikiipasha joto tangini. Kwa injini ambayo kweli itageuzwa kuwa EFI mwakani, sawa. Kwa nyingine ni kujitafutia kazi.

Bomba la kurudishia lenyewe, hata hivyo, ni wazo zuri lisilopewa nafasi. Hata tundu dogo la kurudisha mafuta kidogo hufanya petroli isikae ikichemka karibu na injini gari likisubiri kwenye foleni, na mvuke hupata njia ya kutoka isiyo kabureta.

Ipi kwa nani

V8 ya barabarani chini ya farasi 400, isiyozidi mizunguko 6,000, haina sababu ya kuacha pampu nzuri ya injini. Ikiwa inasumbuliwa na mvuke, kuhamisha bomba mbali na ekzosi na kuongeza kirudishio hugharimu kidogo kuliko mfumo mpya, na huondoa sababu badala ya kuificha.

Injini ya silinda nne au sita yenye Weber, kati ya farasi 160 na 250, kwa ajili ya rali, iende kwenye umeme: pampu mbili za presha ndogo chini ya tangi, kila moja na filta, waya na swichi yake, moja ikifanya kazi na nyingine ikiwa akiba. Mbele pawe na regulata iliyowekwa psi 3. Gharama ni uzito kidogo na waya zaidi, lakini dereva aliye katikati ya Taru hubonyeza swichi badala ya kulala chini ya gari.

V8 ya mashindano, ya farasi 400 na kuendelea, ndiyo inayostahili pampu ya rota yenye presha ya ziada, ikiwa na regulata mbele na kirudishio nyuma. Kuifunga pampu hiyo kwenye injini ya farasi 180 ni kununua joto na kelele.

Vyovyote itakavyochaguliwa, pampu ipimwe ikiwa ndani ya gari, na si kwa macho. Kwa injini ya farasi 200 inayohitaji lita moja kwa kila dakika, bomba likifunguliwa kwenye kabureta na kuelekezwa kwenye chombo, mbali na moto na injini ikiwa baridi, lita inapaswa kujaa kwa sekunde 30 au chini yake, maana chombo hakina kizuizi na barabara inacho. Kisha geji ndogo ya presha iunganishwe na mlango wa kabureta na kuwekwa mahali msaidizi wa dereva anapoiona, gari lipandishwe mlima kwa gia ya tatu mafuta yakiwa yamekanyagwa sekunde ishirini mfululizo. Sindano ya geji ikianza kushuka baada ya sekunde kumi, kuna kizuizi au pampu ni ndogo. Ikitikisika ovyo bila kushuka, tafuta mvuke kwanza kabla ya kununua pampu nyingine.